Kocha, Goti Haliponi kwa "Jikaze"

Makocha mtanikasirikia leo, na ni sawa tu. Kila msimu wa michezo ya shule ni wimbo ule ule. Mtoto wa miaka 13 anasema goti linauma, anaambiwa ajikaze. Likizidi anapakwa mafuta ya kuchua, anameza dawa ya maumivu, anarudishwa uwanjani. Akichelewa mazoezini kwa sababu anachechemea? Anarukishwa kichura! Yaani goti linauma, na adhabu tunaipeleka kwa goti lile lile. Jameni.

Halafu kuna wazazi: "Achana na mpira kabisa, usome." Nao wamekosea. Mtoto akikaa tu misuli inalegea, na siku akirudi uwanjani maumivu anayakuta yanamngoja.

Sikieni. Mara nyingi goti ni makanga tu. Dereva yuko juu, kwenye kiuno na nyonga. Misuli ya tumbo, mgongo na makalio ikiwa dhaifu, mtoto akiruka na kutua paja linaingia ndani. Pia ya goti inabanwa vibaya na kuanza kuuma, hasa akipanda ngazi au akichuchumaa. Mwambie asimame kwa mguu mmoja mbele ya kioo, akunje goti kidogo. Likiangukia ndani, hiyo ni dalili kwamba huko juu kuna kazi.

Na kazi yenyewe ni rahisi. Planki: mwili unyooke kama ubao, juu ya viwiko na vidole vya miguu, sekunde 20. Kisha planki ya ubavu. Kisha alale chali, akunje magoti, ainue kiuno. Mwisho alale ubavu, ainue mguu wa juu. Raundi 3, mara 3 kwa wiki, bila kulazimisha goti likiuma. Hakuna cha jimu hapo. Leso sakafuni inatosha.

Najua mtasema, "Wengine ni mifupa tu inakua." Kweli. Kile kinundu chini ya goti, Osgood-Schlatter, madaktari wanakijua tangu 1903, na maumivu yake kwa kawaida huisha mtoto akimaliza kurefuka. Hapo planki haiondoi kinundu. Unapunguza kukimbia na kuruka huku mwili ukizidi kuimarishwa. Lakini "itaisha" si ruhusa ya kumchezesha akilia.

Na kama goti limevimba, linakwama, linauma usiku, au mtoto anachechemea, hiyo ni hospitali, si planki. Ombeni nyonga iangaliwe pia, maana kwa vijana ugonjwa wa nyonga unaweza kujitokeza kama maumivu ya goti.

Kombe litashindaniwa tena mwaka ujao. Goti ni lile lile atakalopandia ngazi akiwa na miaka 50. Kocha, toa kichura, weka dakika 10 za planki. Na ukitaka kunitukana, nitukane ukiwa kwenye planki. Tuone utafika wapi.