Uvimbe mgumu kwenye viungo vya mtoto: picha itangulie wembe



Ndugu msomaji, leo tuzungumzie maradhi ambayo si ya kila siku, lakini yakiingia nyumbani huvuruga familia kwa maneno ya watu kuliko kwa ugonjwa wenyewe.

Mtoto ana afya yake, anakula, anacheza, hana homa. Mama anapomwogesha anagusa kitu kigumu pembeni mwa nyonga, au nyuma ya kiwiko, au begani. Mara nyingi hakimuumi. Kinakua polepole, leo kama ndimu, mwakani kama chungwa. Pengine ustadhi wa madrasa ndiye anayegundua mwanzo, kwa kuwa mtoto hawezi tena kukaa tahiyatu kama wenzake au kukunja mkono vizuri kwenye sijda. Ngozi ikizidiwa hupasuka, na kinachotoka si usaha wa njano bali uji mweupe mfano wa chokaa.

Na kweli ni namna ya chokaa. Ni madini ya kalsiamu na fosfeti yaliyojikusanya kwenye nyama laini karibu na kiungo, nje ya mfupa. Daktari Inclan wa Cuba na wenzake waliyaeleza mwaka 1943 kwa jina tunaloweza kulitamka kalsinosisi ya uvimbe. Wagonjwa wengi walioandikwa katika vitabu vya tiba ni Waafrika, kwa hiyo asikuambie mtu kuwa haya ni mambo ya Ulaya.

Tatizo letu ni haraka. Wa kwanza anasema ni jipu, analipasua. Wa pili anasema ni TB ya mfupa, mtoto anameza vidonge miezi na miezi bila kipimo chochote. Wa tatu anasema ni saratani, na nyumba nzima inaanza kulia. Wa nne anasema ni jicho la mtu, mtoto anachanjwa chale. Wapo pia wanaopeleka mtoto kuumikwa. Sisemi hijama ni mbaya. Nasema si mahali pake. Uvimbe huu ukikatwa juu juu hauondoki. Unabaki na tundu linalovuja, vijidudu vinaingia, na hapo ndipo maumivu na homa ambavyo havikuwepo vinapoanza.

Msimamo wangu ni huu: mtoto mwenye uvimbe mgumu karibu na kiungo asiguswe na wembe wala kisu kabla ya picha ya eksirei. Ni kipimo cha kawaida, na katika maradhi haya kinasema mengi. Huonekana mabonge meupe yaliyogawanyika vyumba vyumba kama punje za komamanga, na mfupa wa jirani mara nyingi mzima. Katika saratani ya mfupa, mfupa wenyewe ndio huonekana umeharibika.

Baada ya picha ni damu: fosfeti, kalsiamu na hali ya figo. Hapa nawasihi hata matabibu wenzangu. Fosfeti ya mtoto kwa kawaida ni kubwa kuliko ya mtu mzima, basi majibu yasomwe kwa umri wake. Ikiwa fosfeti imepanda na figo ni nzima, tunafikiria aina ya kurithi. Figo zikiwa zimechoka, chanzo kiko huko. Fosfeti ikiwa sawa, ugonjwa bado unaweza kuwepo, maana iko aina hiyo pia. Mtoto mwenye misuli dhaifu na vipele vyekundu-zambarau kwenye kope aangaliwe kwa ugonjwa mwingine, wa misuli na ngozi.

Na tazameni vidole gumba vya miguu. Mtoto aliyezaliwa navyo vifupi na vimepinda, kisha akatokewa na uvimbe mwilini, huenda ana maradhi mengine adimu zaidi ambayo nyama hugeuka mfupa. Huyo kumkata, hata kumchoma sindano ya msuli, kunaweza kuzalisha mfupa mpya. Mwambieni daktari mapema.

Sasa lile la maneno ya watu. Yupo mama aliyerudishwa kwao kwa kuambiwa kaleta nuksi, kwa sababu watoto wake wawili waliota uvimbe huu. Ni dhulma, na ni ujinga pia. Mwaka 2004 watafiti, wakichunguza familia ya Kidruzi na nyingine ya Wamarekani weusi, waligundua jeni iitwayo GALNT3. Ikiharibika, homoni inayoziamuru figo kutoa fosfeti huvunjika kabla ya kufanya kazi, na fosfeti hujaa mwilini. Mtoto huugua akipokea jeni mbovu kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia. Wote wawili huwa wazima, na kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4. Basi baba aliyemrudisha mkewe alichangia nusu yake.

Hapa mtaniuliza kuhusu ndoa za binti ami na binamu. Ni halali, wala sina mamlaka ya kuharamisha. Lakini ukoo ambao maradhi haya yameshaonekana usione haya kumwuliza daktari kabla ya posa, na ndugu wa mgonjwa nao wapimwe fosfeti.

Tiba ipo. Uvimbe unaozuia kiungo huondolewa kwa upasuaji, tena wote, kwani ukibaki kidogo huweza kurudi. Mwenye fosfeti nyingi hupewa dawa za kuizuia tumboni, zinazomezwa pamoja na chakula, na kupangiwa mlo. Msimnyime maziwa na dagaa kwa kukisia wenyewe. Mtoto bado anakua. Jeraha linalovuja lioshwe kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, lifunikwe kwa kitambaa safi, lisitiwe majivu wala unga wa mizizi. Mgonjwa akishindwa wudhu kwa ajili ya jeraha, mwulizeni sheikh wenu, ruhusa zipo.

Picha ya eksirei mkipewa, msiiache kabatini. Njooni nayo kila mnapokuja, hata baada ya miaka, ili tulinganishe.

Wabillahi tawfiq.