Kamera ya parokia: kwanza tukubaliane ni ya nini



Parokia ninakokwenda kwa utume siku za Jumapili, hapa Kerege, imefungua mchango wa kamera. Jumuiya zimechanga bahasha kwa bahasha, na mpaka ninapoandika haya kilichopatikana hakijafika milioni moja na nusu. Fedha haijatosha, ila ubishi umeshatosha. Vijana wa VIWAWA wanataka kamera mpya isiyo na kioo. Wazee wanataka tutafute iliyotumika yenye kioo, ile DSLR ambayo wapiga picha wa harusi wa barabara hii, kuanzia Bunju mpaka Bagamoyo mjini, wameizoea. Kwa kuwa mimi ndiye "Frateri wa picha", pande zote mbili zimeniita pembeni kuniomba niwasemee. Nasema hapa hadharani, lisije likawa na matoleo mawili.

Kwa asiyejua tofauti: ndani ya DSLR kuna kioo kimeinama nyuma ya lenzi. Mwanga unakipiga, unapanda juu, unafika kwenye jicho la mpiga picha. Ukibonyeza, kioo kinanyanyuka, mwanga unaingia kwenye kihisi, kisha kioo kinarudi. Ule mlio mnaousikia kanisani, klak, sehemu kubwa ni hicho kioo. Kamera isiyo na kioo imekiondoa kabisa. Kihisi kinaona muda wote, na mpiga picha anaangalia skrini ndogo, kama televisheni iliyofichwa ndani ya kitundu. Panasonic ilitoa ya kwanza yake ya namna hii, Lumix G1, mwaka 2008, na leo watengenezaji wakubwa wamehamishia nguvu zao huko. Nikon D3500, DSLR ya wanaoanza iliyotoka mwaka 2018, haitengenezwi tena. Vijana wanalijua hilo na wanalisema kila kikao.

Mimi mwenyewe nilikuwa upande wao, na sababu yangu ilikuwa aibu.

Mwaka jana niliazimwa DSLR nipige picha za Komunyo ya Kwanza. Watoto wa kike wote na magauni meupe na shela, wa kiume mashati meupe, nyuma yao dirisha kubwa na jua la saa nne la Pwani. Nilipiga mamia ya picha kwa furaha. Jioni nilipozifungua kwenye kompyuta, magauni yalikuwa ya kijivu na nyuso za watoto zilikuwa vivuli. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui gauni wala mtoto. Kinachukulia kwamba kilicho mbele yake, kwa wastani, kina rangi ya kijivu. Kikiona weupe mwingi kinadhani mwanga umezidi, kinaupunguza. Gauni linaharibika kidogo tu, lakini uso mweusi wa mtoto wetu ndio unaolipa gharama yote. Dawa yake ni rahisi: unaiambia kamera iongeze mwanga hatua moja, wakati mwingine hatua moja na nusu, kisha unahakikisha. Sikuijua. Wazazi walizipokea zile picha kwa upole, na upole wao uliniuma kuliko wangenigombeza.

Kwa kamera isiyo na kioo kosa lile lingekuwa gumu kulifanya. Skrini ya kwenye kitundu inakuonyesha picha jinsi itakavyotoka kabla hujabonyeza. Uso ukiwa giza, unauona giza palepale. Na kamera kama Canon EOS R50, ya mwaka 2023, inatafuta uso na jicho yenyewe na kuyafuata mtu anapotembea. Ina pia tundu la kuchomeka maikrofoni, jambo ambalo Canon 2000D na Nikon D3500 hazina. Anayetaka kurekodi homilia kwa DSLR hizo mbili atapata sauti ya feni na ya mtoto anayelia benchi la mbele, na Baba Paroko kwa mbali. Kwa hiyo vijana hawana hoja dhaifu. Nawaomba wazee waache kusema kwamba ni mambo ya kufuata mkumbo.

Lakini mwezi wa kumi na moja alikuja mama mmoja sakristiani. Mwanae alikuwa amefariki kwa ajali ya bodaboda. Picha zake zote zilikuwa kwenye simu, na simu ilipotea siku ileile. Akakumbuka kwamba kijana alipata Kipaimara kwetu, na kwamba Frateri alikuwa anapiga picha. Aliomba moja tu, ya kuweka juu ya jeneza.

Nilitafuta usiku kucha. Nilikuwa nimempiga, nakumbuka hata mahali aliposimama. Ila kadi ile ilishafutwa wiki mbili baadaye ili ipigiwe harusi, na picha tulizokuwa tumehifadhi zilikuwa za Baba Askofu, za kwaya, na za keki.

Darasani tunasoma kwa Aristotle kwamba mtu hashauriani juu ya lengo; anashauriana juu ya njia za kulifikia, kama mganga ambaye hakai kujiuliza kama aponye bali aponye vipi. Nililisoma mwaka wa kwanza na kulijibu kwenye mtihani. Ndipo nikatambua kwamba ubishi wetu wa kamera ni wa watu wanaobishana njia bila kutaja wanakwenda wapi. Mmoja anafikiria kurusha Misa mtandaoni. Mwingine anafikiria kukodisha kamera kwenye harusi ili parokia ipate kitu. Mwingine, tuseme ukweli, anafikiria jinsi atakavyoonekana ameivaa. Mimi nimekuwa huyo wa tatu zaidi ya mara moja.

Mkiniuliza mimi, kamera ya parokia ni kwa ajili ya mama yule. Kila mtoto anayebatizwa, anayepokea Komunyo, anayepata Kipaimara, kila mwana jumuiya anayefunga ndoa, awe na picha moja nzuri ya uso wake, iliyohifadhiwa mahali ambapo paroko ajaye ataikuta, kama anavyokikuta kitabu cha ubatizo. Ukienda makumbusho ya Misioni Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868, utaona picha za zamani ukutani. Watu wanasimama mbele yake wakiulizana huyu ni nani. Sijawahi kumsikia anayeuliza zilipigwa kwa kamera gani.

Kama lengo ni hilo, basi nasimama na wazee, ingawa si kwa sababu zao. Nasema tununue DSLR iliyotumika, ya Canon, na tununue pamoja nayo vitu viwili ambavyo hakuna aliyevitaja kwenye kikao: lenzi ndogo ya milimita 50 yenye tundu la 1.8, na diski mbili za nje za kuhifadhia picha, moja ikae ofisini na nyingine ikae nyumba ya masista. Kwa fedha tuliyo nayo, kamera mpya isiyo na kioo itameza kila kitu na bado tutabaki na lenzi yake ya kuanzia, ambayo ukivuta mbele inahitaji mwanga mwingi kuliko ule wa Misa ya kwanza asubuhi. Ile ya milimita 50 inaona kwenye mwanga hafifu, na kwa uso wa mtu mmoja ndiyo yenyewe.

Tena lenzi haipotei. Tukiwa na uwezo baadaye, lenzi hizi za Canon za aina ya EF zinafungwa kwenye kamera zao zisizo na kioo kwa kiunganishi ambacho Canon ilikitoa mwaka 2018. Kinyume chake hakiwezekani: lenzi mpya za RF haziingii kwenye DSLR. Anayeanza na ya zamani anaweza kuhama na mizigo yake.

Na betri. D3500 inatangazwa kupiga picha 1,550 kwa chaji moja, 2000D picha 500, wakati nyingi zisizo na kioo za bei ya chini hutangazwa kwa mia tatu na kitu au mia nne na kitu, kwa sababu skrini na kihisi vinakula umeme muda wote. Siku ya Kipaimara umeme ukikatika tangu alfajiri, hesabu hiyo utaiona vizuri. Chumvi ya bahari na unyevu wa hapa havichagui. Kamera hizi za kuanzia, za pande zote mbili, hazijazibwa dhidi ya maji wala vumbi, na kuvu huota ndani ya lenzi iliyofungiwa kabati. Kusanyeni vile vifuko vya kukaushia vinavyokuja na viatu, msivitupe.

Limebaki la mlio. Vijana wanasema, na ni kweli, kwamba R50 inaweza kupiga kimya kabisa, isisumbue ibada. (Chini ya baadhi ya taa za LED, huo upigaji wa kimya huacha mistari kwenye picha, lakini tuyaache hayo.) Hapa ndipo tunapotofautiana hasa. Mimi kimya hicho nakiogopa. Nimejiona mwenyewe: klak ile inaniaibisha, na kwa sababu inaniaibisha nabaki nyuma ya nguzo, na wakati wa mageuzo naweka kamera chini. Ningekuwa na kamera isiyosikika, ningekuwa nimeshapanda ngazi za altare. Papa Fransisko, kwenye katekesi ya tarehe 8 Novemba 2017, alisikitika kwamba padre anatualika tuinue mioyo nasi tunainua simu, na akasema anawaona hata mapadre na maaskofu wakifanya hivyo. Hakuna simu iliyokuwa inapiga kelele pale.

Najua miaka michache ijayo ushauri huu utakuwa umepitwa, kwa maana DSLR nzuri zilizotumika nazo zitaanza kuchoka. Na kama Halmashauri ya Walei itaamua kwamba lengo letu la kwanza ni kurusha Misa kwa wagonjwa walioko nyumbani, nitageuka na kuwaunga mkono vijana siku hiyohiyo, maana kazi hiyo inadai maikrofoni na picha inayofuata uso. Waamue hilo kwanza, na liandikwe kwenye muhtasari.

Kikao ni Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili. Mwenyekiti wa VIWAWA ameshanitumia ujumbe kwamba anakuja na hoja za kunipinga, na kwamba diski mbili amezikubali.