Tukague Ujuzi, Si Daftari la Mahudhurio



Asubuhi moja aliingia ofisini mwangu msichana wa miaka ishirini na mitatu akitaka nimwandalie hati ya kiapo. Cheti chake cha kuchomelea vyuma kilikuwa kimepotea, na chuo kilichomfunza kilikataa kumpa kingine bila hati hiyo. Nilipokuwa nikiandika, nilimwuliza, kwa mazungumzo tu, ni kitu gani alichomelea mara ya mwisho. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Wakili, kusema kweli, ile mashine nimeishika siku mbili."

Msichana huyu alifunzwa kwa miezi mitatu kwa fedha za umma. Karakana ilikuwa na mashine moja kwa wanafunzi thelathini na wanane, na mara nyingi umeme ulikuwa umekatwa kwa sababu bili haikulipwa. Wiki ya ukaguzi ilipofika, mashine tatu zaidi ziliazimwa kutoka kwa mafundi wa jua kali ng'ambo ya barabara. Wakaguzi walikuja, wakahesabu mashine, wakahesabu wanafunzi, wakatia sahihi katika kitabu cha wageni, wakanywa chai, wakaenda zao. Jioni mashine zikarudishwa kwa wenyewe.

Sina shaka kwamba ripoti yao ilisema mradi unaendelea vyema. Na ukiichunguza, huenda usipate neno la uongo ndani yake. Mashine zilikuwepo, wanafunzi walikuwepo, na mahudhurio yaliandikwa kila siku. Ni ujuzi tu uliokosekana, na hakuna aliyeulizia habari zake. Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu leo: tunakagua vitu visivyofaa, kwa njia isiyofaa, kisha tunashangaa kuona vijana wenye vyeti wakizurura sokoni.

Swali la kijana afanye nini baada ya shule si geni kwa makanisa. Mwaka 1966 viongozi wa makanisa nchini walitoa ripoti iliyouliza swali hilo hilo, wakati ambapo maelfu ya watoto waliomaliza shule ya msingi hawakuwa na nafasi katika shule za sekondari. Kutokana na fikira hizo vilizaliwa vyuo vya ufundi vya vijiji, ambavyo wengi wetu bado tunaviita politekniki. Nia ya awali ilikuwa nyepesi kueleweka: chuo kifunze kazi zinazohitajika katika eneo lake, kwa gharama ndogo, na kipimwe kwa maisha ya wahitimu wake. Kadiri miaka ilivyopita na serikali ilivyozidi kuingia katika usimamizi, mitihani na vyeti vikachukua nafasi ya kipimo hicho.

Baadaye ikaja miradi mikubwa zaidi. Mwaka 2009 ulianzishwa mpango wa Kazi kwa Vijana. Mwaka 2010 Benki ya Dunia ikaidhinisha mradi wa kuwawezesha vijana, ambao uliwapa mafunzo darasani na kisha nafasi za uanagenzi katika makampuni ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Mwaka 2016 ukafuata mwingine, wa nafasi za ajira kwa vijana, uliogharimiwa kwa mkopo wa dola milioni 150, na baada yake ukaja mradi wa NYOTA. Mikopo hiyo si zawadi. Italipwa kwa kodi, na wengi wa watakaoilipa ni hao hao vijana waliofunzwa, wawe walipata ujuzi au hawakupata.

Tunapozungumza juu ya fedha za vijana, mawazo yetu hukimbilia wizi, na si bila sababu. Mwaka 2015 taifa lilitikiswa na kashfa ya shilingi milioni 791 katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, na mwaka 2018 kashfa nyingine ikaikumba idara hiyo hiyo. Mwizi wa fedha za umma na ashtakiwe. Lakini wananchi wenzangu, kuna hasara ya pili isiyoonekana katika vitabu vya hesabu. Ni fedha zilizolipwa kihalali, kwa stakabadhi safi, kwa mwalimu aliyeajiriwa kwa utaratibu, kwa ajili ya mafunzo yasiyomfunza mtu. Hasara hii haina mshtakiwa, wala haina kichwa cha habari gazetini. Hata hivyo imemnyang'anya kijana miezi ambayo hakuna mahakama inayoweza kumrudishia.

Sheria inasemaje? Katiba tuliyoipitisha mwaka 2010 haikuishia katika kukataza wizi. Kifungu cha 229, ibara ndogo ya 6, kinamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aeleze katika ripoti yake kama fedha za umma zimetumika kihalali na, zaidi ya hayo, kama zimeleta matokeo. Kifungu cha 55 kinaiagiza Serikali ichukue hatua ili vijana wapate elimu na mafunzo yanayofaa, na wapate ajira. Kumbuka neno hilo, "yanayofaa". Mafunzo ya kuchomelea bila mashine hayafai, hata yakiwa na daftari safi namna gani. Nayo Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti vyuo vya ufundi vya vijiji. Kwa hiyo gavana hawezi kumsukumia waziri lawama yote, wala waziri hawezi kumsukumia gavana.

Vyombo vya usimamizi pia tunavyo. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2013 iliunda mamlaka ya kusajili na kukagua vyuo. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani hutoa mitihani ya vitendo kwa mafundi, na kila mwajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi ili kugharimia mafunzo ya kazi. Hatuna upungufu wa sheria wala wa ofisi. Tuna upungufu wa maswali ya maana.

Napendekeza mambo manne.

Kwanza, wakaguzi wafike bila kutoa taarifa. Mgeni aliyetangaza safari yake wiki mbili kabla huona nyumba iliyofagiliwa. Mahakama nayo haikubali ushahidi uliotengenezwa kwa ajili ya siku ya kesi.

Pili, mkaguzi aache kuhesabu vifaa, badala yake achague wanafunzi watano bila mpangilio na kuwapa kazi. Aliyefunzwa kuchomelea aunganishe vyuma viwili. Aliyefunzwa ushonaji akate kitambaa. Aliyefunzwa umeme aweke soketi. Na anayewapima asiwe mwalimu wao wala mtumishi wa ofisi iliyotoa fedha. Wapo mafundi hodari katika kila mji ambao kwa nusu saa wanaweza kusema nani anajua kazi na nani hajui.

Tatu, kijana afuatiliwe baada ya miezi sita na tena baada ya mwaka. Je, anafanya kazi aliyofunzwa? Analipwa? Kama sivyo, ni kwa nini? Siku hizi karibu kila kijana ana simu. Serikali inayoweza kumtumia mwananchi ujumbe wa kumkumbusha kodi haiwezi kudai kwamba imeshindwa kumpigia mwanafunzi wake.

Nne, sehemu ya malipo ya chuo izuiliwe mpaka matokeo hayo yajulikane. Chuo kinacholipwa chote kwa kuandikisha wanafunzi kitaandikisha wanafunzi. Hicho ndicho kilicholipiwa.

Hapa lazima nitoe tahadhari, maana dawa hii ina sumu yake. Tukilipa kwa kuangalia waliopata kazi tu, vyuo vitawachagua wale ambao wangeipata hata bila mafunzo: wenye alama nzuri za Kidato cha Nne, wenye jamaa mjini, wasio na watoto wa kulea. Mama kijana, mlemavu na aliyeacha shule darasa la saba wataachwa mlangoni, na takwimu zitang'aa. Kwa sababu hiyo sehemu inayozuiliwa isiwe kubwa mno, na chuo kipimwe kwa umbali ambao kijana ametembea tangu siku aliyoingia, si kwa mahali alipofika peke yake.

Maafisa hujibu kwamba ajira hazipo, na kwamba si haki kukilaumu chuo kwa uchumi uliodorora. Jibu hilo lina ukweli wake, nami silidharau. Mafunzo hayazai ajira. Chuo bora kabisa hakiwezi kufungua kiwanda. Lakini ndiyo maana nimetanguliza kupimwa kwa ujuzi kabla ya kupimwa kwa ajira. Ukosefu wa kazi hauelezi kwa nini msichana aliyehitimu hajui kuwasha mashine. Na ikiwa ufuatiliaji utaonyesha kwamba washonaji mia mbili wamefunzwa katika mji wenye kazi ya washonaji ishirini, basi tumejifunza jambo kubwa: kosa liko kwa waliochagua somo, na mwaka ujao libadilishwe.

Sasa, sisi tufanye nini? Tusingoje mkaguzi aongoke. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 imeonyesha njia. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kuliwasilisha hakulipiwi ada, ingawa unaweza kutozwa gharama ya kunakili karatasi. Afisa anatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Akikataa au akinyamaza, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki katika Utawala.

Basi kamati ya haki na amani ya parokia, kikundi cha vijana cha kanisa, au tawi lolote la wanaharakati waandike barua ya ukurasa mmoja kuhusu chuo kilicho karibu nao. Waulize: Chuo kilipokea fedha kiasi gani mwaka huu, na kwa wanafunzi wangapi? Kilikaguliwa lini, na ripoti iko wapi? Wahitimu wangapi wamefuatiliwa, na wanafanya nini? Majibu yakipatikana, yasomwe mbele ya watu na yabandikwe mahali pa wazi. Yasipopatikana, nalo litangazwe. Na miongoni mwa waumini wetu wamo mafundi seremala, waashi na makanika. Wajitolee siku moja kwa muhula kuwatembelea vijana hao na kuona kazi ya mikono yao. Hawatakuwa na mamlaka ya kufunga chuo, lakini watakuwa na ushahidi, na ushahidi ni mwanzo wa kila kesi.

Msichana yule aliapa, akatia sahihi, akapewa hati yake. Kiapo kilisema kweli tupu: kwamba alipewa cheti na kwamba kilipotea. Kabla hajaondoka aliniuliza kama namfahamu fundi yeyote ambaye angemkubali akae naye ajifunze, hata bila malipo. Nilimpeleka kwa mmoja wa mafundi wale wale wa ng'ambo ya barabara, ambao mashine zao ziliazimwa siku ya ukaguzi. Huko ndiko anakojifunza kazi ambayo sisi sote tulikwisha kuilipia.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Tuwaulize waliopewa fedha zetu: ninyi mmeunda nini?