Mtoto wa Daraja la Tatu Naye ni Amana

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema inamstahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, kila mwaka Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, aghalabu mwezi wa Januari, misikiti yetu hushuhudia jambo moja. Baada ya sala ya Ijumaa imamu husimama na kuwataja vijana waliopata Daraja la Kwanza. Watu hupiga takbiri, na penye uwezo vijana hao hupewa zawadi. Hilo ni jambo jema na hatuna nia ya kulipinga. Lakini safu za nyuma, karibu na mlango, huwa ameketi kijana mwingine aliyepata Daraja la Tatu. Huyo hakutajwa, na baba yake hakumtazama usoni tangu matokeo yatoke. Akitoka msikitini hana wa kumwambia kesho aelekee wapi.

Makala haya yanamhusu kijana huyo, na zaidi ya hapo yanawahusu baba yake na mama yake. Mtoto aliyefaulu sana aghalabu hupata njia hata mzazi wake akilala, kwa kuwa milango iliyo wazi kwake ni mingi na kila mtu yuko tayari kumwelekeza. Mtoto wa wastani ndiye mwenye haja kubwa ya mzazi wa kufuatana naye. Na huyo ndiye tunayemwacha peke yake.

Kosa langu mwenyewe

Nitaanza na nafsi yangu, ili ndugu msomaji asidhani kuwa ninamnyooshea kidole. Binti yangu wa pili alimaliza kidato cha nne akapata Daraja la Tatu. Alikuwa na B ya Kiswahili, C ya Historia, C ya Elimu ya Dini ya Kiislamu, na D katika masomo mengine matano. Nikahesabu masomo matatu mazuri, nikamwambia, "Mwanangu, tulia, utapangiwa kidato cha tano." Tukasubiri. Orodha ya waliochaguliwa ilipotoka, jina lake halikuwemo.

Nilikwenda kwa mwalimu mmoja nikiwa na hasira, nikiamini kuwa mwanangu amedhulumiwa. Mwalimu yule akanifungulia mwongozo, akanionyesha kwa kidole: anayetaka kuingia kidato cha tano katika shule za Serikali anatakiwa awe na angalau masomo matatu yenye kiwango cha C au zaidi, yasiyo ya dini. Sharti hilo linamhusu pia mwanafunzi aliyefanya mtihani wa Biblia, na lilikuwa limeandikwa wazi. Mimi ndiye ambaye sikusoma.

Miezi mitano ilikuwa imepotea. Lakini lililonichoma moyo ni neno la binti yangu tuliporudi nyumbani. Alisema, "Baba, mimi nilijua. Niliogopa kukwambia."

Ndugu zangu, nililipa ada ya shule na kununua sare na vitabu, nikadhani nimemaliza wajibu. Kumbe mwanangu alikuwa na khofu nami kiasi cha kukaa kimya huku mlango ukifungwa mbele yake. Sisi ni wachunga tutakaoulizwa. Siku hiyo nilijiuliza ningejibu nini.

Milango iliyopo

Haifai kumwambia mtoto "soma kwa bidii" hali ya kuwa wewe mzazi hujui anasoma kuelekea wapi. Basi tuyafahamu yafuatayo.

Daraja la mtihani wa kidato cha nne hupatikana kwa kujumlisha pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Daraja la Tatu ni kuanzia pointi 22 hadi 25, na Daraja la Nne ni kuanzia 26 hadi 33. Mwenye Daraja la Tatu, basi, hakufeli. Hata mwenye Daraja la Nne anayo njia, akielekezwa mapema.

Njia ya kwanza ni kidato cha tano, kwa sharti tulilolitaja. Njia ya pili ni vyuo vya elimu ya kati. Kijana mwenye ufaulu wa angalau D nne katika masomo yasiyo ya dini anaweza kuomba kusoma astashahada katika fani nyingi. Fani nyingine zina masharti ya ziada. Anayetaka utabibu, kwa mfano, ni lazima awe amefaulu Kemia, Baiolojia na Fizikia. Akianzia astashahada, kwa kawaida atasoma miaka mitatu hadi kupata stashahada. Na mwenye stashahada yenye wastani wa alama, yaani GPA, usiopungua 3.0 anaweza kuomba kuingia chuo kikuu, ingawa baadhi ya kozi hutaka zaidi ya hapo.

Hebu tupime. Aliyepita kidato cha tano na cha sita hutumia miaka miwili kabla ya kuomba chuo kikuu, na huko naye huulizwa ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yake yenye jumla ya pointi zisizopungua 4. Aliyepita astashahada na stashahada hutumia miaka mitatu, naye huwa tayari na taaluma mkononi. Tofauti ni mwaka mmoja. Je, kwa mwaka mmoja huo ndipo tunamnunia mtoto na kumwita mzigo?

Njia ya tatu ni ufundi stadi katika vyuo vya VETA na vinginevyo vilivyosajiliwa. Tuache kuviona kama jalala la walioshindwa. Nabii Daudi (a.s.) alifanya kazi ya chuma, na Nabii Zakariya (a.s.) alikuwa seremala. Njia ya nne ni kurudia masomo yaliyomwangusha akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Nayo inafaa kwa yule aliyekosa kidogo tu na ambaye sababu ya kukosa kwake inajulikana.

Yampasayo mzazi

Kwanza, mzazi aanze mapema. Matokeo ya mtihani wa Taifa wa kidato cha pili na ya mitihani ya majaribio ya kidato cha nne yanaonyesha mtoto anakoelekea. Mzazi aketi naye, bila ya ukali, wayasome pamoja. Kama ana D nne anazoweza kuzifanya C, nguvu iende huko. Somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu asiliache, kwani linamfaa duniani na Akhera. Lakini ajue kwamba halitahesabiwa katika sifa za kuingia kidato cha tano au chuo, hivyo alisome pamoja na mengine, si badala yake.

Pili, mzazi ahakikishe majina. Jambo hili linaonekana dogo, nalo limewatesa vijana wengi wa Kiislamu. Mtoto ameandikwa Muhammad katika cheti cha kuzaliwa, Mohamed shuleni na Mohammed katika usajili wa mtihani. Siku ya kuomba chuo au mkopo, karatasi zinaonekana ni za watu watatu. Majina yasawazishwe kabla ya usajili wa mtihani wa kidato cha nne, maana baadaye usumbufu na gharama huwa kubwa.

Tatu, mzazi afunge safari akakione chuo. Tunapotaka kununua kiwanja huenda mara tatu, tukauliza majirani na kukagua mipaka. Vipi basi tunampeleka mtoto mahali atakapokaa miaka mitatu kwa kusoma tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme? Aende pamoja na mtoto mwenyewe, siku ya masomo. Aulize namba ya usajili wa chuo, kisha ailinganishe na orodha ya Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, NACTVET. Aulize pia kama kozi anayoitaka mtoto imeidhinishwa, kwa kuwa chuo kinaweza kusajiliwa na kozi yake mojawapo ikawa bado. Aone maabara au karakana. Azungumze na wanafunzi bila ya kiongozi wa chuo kuwapo. Aangalie mabweni ya wasichana, mahali pa kusalia, na taratibu za mavazi. Wala asitoe fedha kwa dalali anayedai kuwa na nafasi mfukoni.

Nne, tarehe ziandikwe ukutani. Dirisha la udahili likifungwa halifunguliwi kwa machozi. Tangu mwaka 2017 waombaji wa shahada hutuma maombi moja kwa moja katika vyuo vikuu, kwa kufuata mwongozo unaotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu. Mwongozo huo unapatikana katika intaneti bila malipo, na kila kozi imeandikiwa masharti yake. Mzazi asiyejua kusoma amwite mtoto amsomee. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kutouliza.

Tano, suala la fedha. Wazazi wengi waliikwepa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kwa khofu ya riba, wakitaja tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021. Kadhalika, kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 baadhi ya wanafunzi wa stashahada, katika fani za kipaumbele, nao walianza kukopeshwa. Aliyebaki na shaka awaulize wanazuoni kwa kuwaonyesha masharti yaliyopo sasa, wala asimfungie mtoto mlango kwa habari za zamani.

Funzo la Zayd

Wanahistoria wa Kiislamu wametusimulia habari za Zayd bin Thabit (r.a.). Alikuwa mtoto wa umri wa miaka kumi na mitatu hivi aliposhika silaha akitaka kwenda Badr, naye akarudishwa kwa udogo wake. Mlango alioutamani ukafungwa. Baadaye jamaa zake walimchukua, wakampeleka kwa Mtume (s.a.w.) na kumweleza kile ambacho kijana wao anakiweza: amehifadhi sura kadhaa za Qur'ani. Mtume (s.a.w.) akamsikiliza, kisha akamwagiza ajifunze maandishi ya Mayahudi. Zayd akawa mwandishi wa wahyi, na katika ukhalifa wa Abubakar (r.a.) yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuikusanya Qur'ani.

Hatusemi kuwa Zayd alikuwa mtoto wa wastani. Tunasema tuwaangalie jamaa zake. Hawakumcheka kwa kurudishwa, wala hawakumlinganisha na waliokwenda vitani. Walitazama alichopewa na Mola wake, wakatembea naye hadi mahali ambapo kipawa hicho kingetumika. Vidole vya mkono mmoja havilingani, na kila kimoja kina kazi yake.

Wajibu wa misikiti

Yapo pia ya jumuiya nzima. Wazee wetu walikuwa na sababu za kuogopa baadhi ya shule za wakati wao, na hatuwalaumu. Sisi leo hatuna sababu ile. Tunacho kizazi cha walimu, wahasibu na wauguzi wanaosali nasi kila siku, na ujuzi wao unaishia kazini kwao.

Tunapendekeza kila msikiti uteue watu watatu tu: mwalimu, kijana anayemudu kompyuta, na mama mmoja ambaye wasichana watamwendea bila ya haya. Katika Ijumaa nne zinazofuata kutangazwa kwa matokeo, waweke meza nje ya msikiti. Kila mzazi aje na mtoto wake pamoja na karatasi ya matokeo, aonyeshwe milango iliyo wazi kwake. Sehemu ndogo ya sadaka itengwe kwa ada ya maombi na nauli ya kwenda kuona vyuo kwa wasio na uwezo. Na imamu anapowataja wa Daraja la Kwanza, awaite na wengine kwa jumla, awaombee dua mbele ya watu, kisha awaelekeze mezani.

Wala tusiwasahau mabinti kwa kisingizio kuwa wataolewa. Binti yangu niliyemtaja alianza astashahada ya maendeleo ya jamii mwaka ule ule, mwezi wa Oktoba, baada ya sisi wawili kutembelea vyuo vitatu kwa basi. Alimaliza stashahada kwa wastani unaozidi ule unaotakiwa, na sasa yuko chuo kikuu mwaka wa pili. Katika safari zile nilimfahamu mwanangu kuliko nilivyomfahamu kwa miaka kumi na saba iliyotangulia. Hivi sasa akipata tatizo, mtu wa kwanza kumpigia simu ni mimi.

Mwenyezi Mungu (s.w.) atujaalie kuwa wazazi ambao watoto wetu hawaogopi kutuambia ukweli, na awafungulie vijana wetu wote, wa daraja la juu na la chini, milango ya kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.