Breki Hazikatai Zenyewe

Kila lori linapoua watu barabarani, sentensi moja hukariri katika taarifa: "Breki zilikataa." Kisarufi, mtenda ni breki, dereva, fundi na mwenye gari hawatajwi. Baada ya msiba wa Juni 30, 2023, ambapo lori la kontena liliacha barabara kwenye makutano ya Londiani na kuua zaidi ya watu 50, yafaa tujiulize iwapo sentensi hiyo ina nafasi katika zama za lori lenye kompyuta.

Katika malori ya kisasa, vipima vidogo hufuatilia kasi ya kila gurudumu, pembe ya usukani na jinsi gari linavyovutwa upande. Kompyuta hulinganisha njia anayoikusudia dereva na ile linayoifuata gari. Ikibaini kwamba lori linakaribia kupinduka, hupunguza nguvu za injini na kufunga breki za magurudumu yanayohusika, mara nyingi kabla dereva hajang'amua hatari. Umoja wa Ulaya uliulazimisha mtambo huu kwa malori mengi mapya kufikia Novemba 2014. Marekani nayo ilitoa kanuni yake kuhusu vichwa vya trela mwaka 2015.

Hata hivyo, kompyuta haiumbi msuguano. Breki zilizolika, tairi kipara na shehena iliyozidi kipimo haziponywi na umeme. Dereva anayeteremka mlima bila gia ili kuokoa mafuta huziachia breki peke yake mzigo ambao injini ingesaidia kuuzuia. Breki zikishapata moto kupita kiasi, mtambo hauna pa kushika.

Lakini mtambo huo una sifa nyingine: hutunza kumbukumbu. Unapopata hitilafu, huwasha taa mbele ya dereva na kuhifadhi alama ya kosa, ambayo fundi mwenye chombo maalumu huweza kuisoma. Anayeiona taa hiyo na kuendelea na safari, au anayemwamuru dereva aendelee, amekata shauri.

Kwa hivyo, ukaguzi wa malori usiishie kwenye taa na tairi. Kumbukumbu hiyo isomwe, na vyuo vyetu vya ufundi vifundishe kuisoma. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na sisi walimu tuwazoeze wanafunzi kuuliza, kila wasomapo kwamba breki zilikataa: nani alionywa, naye akafanya nini?