SHUTI LA MAKOFI AU SHUTI LA USHINDI? MEZA YA POOL INA JIBU

BRAHIM Díaz alikuwa na nafasi ya kumaliza kazi. Ilikuwa Januari 18, 2026, fainali ya Afcon mjini Rabat, dakika za majeruhi, ubao unasoma 0-0, na Morocco wana penalti mbele ya mashabiki wao. Huyu ni mtu aliyekuwa na mabao matano kwenye mashindano hayo, likiwemo lile lililoitoa Taifa Stars kwenye hatua ya 16 bora. Mguu wake hauna shida hata kidogo.

Akachagua panenka. Akaudokoa mpira taratibu katikati ya goli. Edouard Mendy hakuruka popote, akasimama akaudaka kama anaokota embe. Kwenye dakika za nyongeza Pape Gueye akaifungia Senegal.

Watu wengi walisema Díaz amepiga vibaya. Mimi nasema hapana. Alipiga vile vile panenka inavyopigwa. Kosa halikuwa kwenye kupiga, lilikuwa kwenye kuchagua. Na hilo ndilo tatizo ambalo kwenye soka letu hatulizungumzii sana, kwa sababu tumezoea kuuliza kapiga vipi, hatuulizi kwa nini kachagua kupiga hivyo.

Ukitaka kulielewa jambo hili bila kelele za uwanjani, nenda kijiweni kwenye meza ya pool. Wala si lazima uende Arusha mjini. Nenda Endamarariek, kata ya wilaya ya Karatu, jioni vijana wakishatoka kwenye mahindi na maharage. Simama pembeni, usishangilie, angalia tu. Utaona kina Díaz kibao. Mwenye mkono mzuri anapiga shuti la ajabu, kijiwe kizima kinalipuka kwa makofi, halafu dakika mbili baadaye anatoka mezani amefungwa na mtu ambaye hajapiga shuti hata moja la kukumbukwa.

MCHEZO WA SHIMO MOJA

Kuna aina ya pool inayochezwa sana Marekani na Ufilipino, sisi huku hatuichezi, lakini inafundisha kuliko zote. Wanauita mchezo wa shimo moja. Meza ina mashimo sita kama kawaida, ila kila mchezaji anapewa shimo moja tu la kona, upande ule mipira inakopangwa. Wewe la kushoto, mwenzako la kulia. Mipira iko 15, wa kwanza kuingiza minane kwenye shimo lake ameshinda.

Ukiingiza kwenye shimo la mpinzani, unamhesabia yeye. Ukiingiza kwenye yale mengine manne, haumhesabii mtu, mpira unarudishwa mezani. Ukicheza faulo, kwa mfano nyeupe ikazama, unapoteza mpira mmoja kwenye hesabu yako.

Umeona ujanja wake? Ni kama soka. Kuna goli lako na goli lake, na kila mpira unaousogeza una maswali mawili: nakaribia kwake, au namkaribisha kwangu? Ndiyo maana mafundi wa mchezo huu, kama Mfilipino Efren Reyes, bingwa wa dunia wa pool ya mipira tisa mwaka 1999, wanaweza kukaa muda mrefu wanaitazama meza kabla ya kupiga. Hawatafuti shuti gumu. Wanatafuta shuti linalomwachia mwenzao matatizo.

Sasa tuchukue hali moja ngumu. Wewe una sita, unahitaji miwili. Mwenzako ana mitano, anahitaji mitatu. Mezani imebaki minne. Miwili kati ya hiyo imekaa karibu na shimo lake. Mmoja umeganda kwenye ukingo wa pembeni. Wa nne uko sehemu ambayo ukiudundisha kwenye ukingo unaweza kurudi mpaka kwenye shimo lako. Zamu ni yako. Unafanyaje?

Chaguo la kwanza: unadundisha. Likiingia, kijiwe kinasimama. Chaguo la pili: unaipeleka nyeupe polepole, unaugonga mmoja wa ile miwili iliyo karibu na shimo lake, unausogeza mbali, na nyeupe unaiacha imebanwa kwenye ukingo. Huingizi kitu, hupigiwi makofi. Chaguo la tatu: unacheza faulo makusudi. Unaificha nyeupe nyuma ya mpira mwingine, unakubali kukatwa mmoja, lakini mwenzako anakuta hana pa kupigia.

Vijana tisa kati ya kumi wanachukua la kwanza. Tupige hesabu ya kijiweni. Tuchukulie shuti la kudundisha unalipata mara nne ukilipiga mara kumi, na hapo wewe ni mzuri. Zile nne ukipata bado hujashinda, umefika saba, unahitaji mmoja tena. Zile sita ukikosa, nyeupe iko wazi na mwenzako ana mipira miwili mdomoni mwa shimo lake. Sema mara nne kati ya hizo sita anamaliza mchezo pale pale. Kwa hiyo umenunua nafasi nne za kuukaribia ushindi kwa kulipa nafasi nne za kufa kabisa. Biashara gani hiyo?

La pili halikupi mpira, lakini wewe unaongoza na yeye ndiye anayepaswa kutoka kifungoni. Kila anayetoka kifungoni kwa papara huacha mlango wazi. Hapo ndipo unapokuja kuchukua miwili yako kwa raha zako. Hilo ndilo shuti sahihi.

Na lile la tatu usilicheke. Ni faulo ya kimbinu. Beki wa kati akimvuta jezi mshambuliaji katikati ya uwanja dakika ya 88, anachukua kadi ya njano, timu inapumua. Hakuna kocha anayemgombeza. Kulipa kidogo ili usilipe kikubwa ni akili, siyo woga.

TURUDI KWENYE MEZA YETU

Pool yetu ni ile ya kugawana saba saba na nyeusi mwisho. Unaweza kusema hayo ya shimo moja hayatuhusu. Yanatuhusu sana, na hapa ndipo vijana wengi wanapoliwa.

Unakuta jamaa kaanza kwa moto. Kaingiza sita mfululizo, kabakiza mmoja na nyeusi. Mwenzake bado ana sita mezani. Kijiwe kimeshamtangaza bingwa. Lakini iangalie meza vizuri: ule mmoja wake umebanwa kwenye ukingo, nyeusi imezungukwa, na mipira sita ya mpinzani imekaa kila njia. Kila anapotaka kupita anakuta ukuta. Akigusa mpira usio wake ni faulo, na kwa sheria zinazotumika vijiwe vingi, mwenzake anapewa nafasi mbili. Halafu huyo mwenzake meza yake imeshafagiliwa. Mipira sita iliyokuwa inamzibia njia, jamaa mwenyewe ndiye aliyeiondoa.

Mipira yako mezani siyo deni tu, ni mabeki pia. Mpira wako uliokaa mdomoni mwa shimo unalifunga lile shimo kwa mwenzako, na wewe unaweza kuuchukua wakati wowote. Kuuingiza mapema kwa sababu ni rahisi ni sawa na kumtoa beki namba nne dakika ya 20 kwa sababu unaongoza. Wa kuanza nao ni ule mgumu, ule uliobanwa, kabla meza haijawa wazi kwa mpinzani. Kama hujaiona njia ya mpaka kwenye nyeusi, usikimbilie kumaliza. Acha mmoja mdomoni, rudisha nyeupe mahali pagumu, mwambie mwenzako acheze.

Kabla ya kuinama na fimbo, jiulize mambo matatu. Nikikosa, naacha nini? Nikipata, nyeupe inaishia wapi? Na je, ni lazima nipige hili sasa hivi? Majibu yakiwa mabaya yote matatu, hilo ni shuti la makofi.

Kisha itazame meza yenyewe. Meza nyingi za vijiweni hazijalala sawa, zimewekewa vipande vya mbao miguuni kwa sababu sakafu ina mabonde. Kitambaa kimechoka, kingo zimekufa. Shuti la kudundisha ulilomwona mtu analipiga kwenye simu yako, kwenye meza mpya, hapo litakusaliti. Ni sawa na timu inayotaka kupiga pasi fupi kutoka kwa kipa kwenye uwanja wenye matuta. Falsafa nzuri, mahali pabaya.

Na kuna dau. Wengine hawachezei sarafu ya meza tu, wanaweka hela. Kibarua cha siku nzima shambani kinaweza kuondoka kwa shuti moja. Hela ikishawekwa, mkono unakuwa mzito na kichwa kinakuwa chepesi. Mtu anapiga shuti la kurudisha hela yote kwa mkupuo, siyo shuti lililoko mbele yake. Ukiona umeanza kuchagua mashuti kwa sababu ya ulichopoteza, shuti sahihi lililobaki ni moja tu: weka fimbo chini, nenda nyumbani.

Tusisahau mchezo huu una jina baya. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliwakemea hadharani vijana wanaocheza pool asubuhi badala ya kufanya kazi, na vijiwe vikaanza kuandamwa. Kabla ya hapo bia ya Safari Lager ilidhamini mashindano ya taifa yaliyoanzia mikoani, na watu waliona kuwa huu nao ni mchezo wenye ligi na mabingwa. Mchezo ni ule ule. Anayecheza saa mbili asubuhi na anayecheza baada ya kazi wanatofautiana kwenye kuchagua tu.

SIYO KILA SIKU NI KUJILINDA

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi watu wakae nyuma milele. Kama mwenzako anahitaji mpira mmoja tu na uko mdomoni mwa shimo lake, huna namna ya kujificha, basi shambulia. Shuti la nne kwa kumi ni bora kuliko sifuri kwa kumi. Hali ndiyo inayoamua, siyo tabia yako.

Karatu wenyewe wana mfano mkubwa. Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953. Februari 2, 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, New Zealand, alitoka mbele tangu mwanzo wa mbio za mita 1,500 na hakumwachia mtu. Akamaliza kwa dakika 3:32.2, rekodi ya dunia, na John Walker wa New Zealand nyuma yake akiwa naye ameipita rekodi ya zamani. Ukiisoma ile mbio kwa macho ya meza ya pool, Bayi alishambulia kwa hesabu: hakutaka mbio ziamuliwe na nani mwenye kasi mita za mwisho, akaziamua mapema.

Halafu mtazame Alphonce Simbu. Septemba 2025, mashindano ya dunia Tokyo, marathoni. Huyu alisubiri. Kilomita 42 nzima hakujionyesha, akaingia uwanjani akiwa nyuma ya Mjerumani Amanal Petros, akampita kwenye hatua za mwisho. Wote waliandikiwa saa 2:09:48, tofauti sekunde 0.03. Dhahabu ikaja Tanzania.

Mmoja alikwenda mbele tangu mwanzo, mwingine alisubiri hadi mwisho. Wote walichagua sahihi, kwa sababu kila mmoja alizisoma mbio zake.

Stars nao walionyesha kitu hicho Morocco. Walifungwa 2-1 na Nigeria, wakapata sare ya 1-1 na Uganda, wakatoka 1-1 na Tunisia baada ya Feisal Salum kusawazisha. Pointi mbili tu, lakini zikatosha kuwapeleka hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza kwenye historia. Kuna waliolalamika kwamba timu haikushambulia vya kutosha mwishoni dhidi ya Tunisia. Jamani, sare ilikuwa inalipa. Kufungwa kulikuwa kunaua kila kitu. Kocha Miguel Gamondi na vijana wake waliiacha nyeupe kwenye ukingo, na ilikuwa sawa kabisa.

Ila dhidi ya Morocco, baada ya Díaz kufunga, hesabu ilibadilika. Hapo ukifungwa moja au mbili unatoka tu, kwa hiyo kusubiri hakuna maana. Ndiyo kipimo cha timu iliyokomaa: kujua dakika ambayo shuti la jana limekuwa kosa la leo.

Mwaka 2027 Afcon inakuja kwetu, na Arusha ni miongoni mwa miji inayojengewa uwanja kwa ajili hiyo. Watu watatoka Karatu na mabasi, watataka mabao, watataka chenga, na wana haki. Lakini siku hiyo straika wetu akipata penalti dakika ya 90, ubao ukiwa 0-0, mimi sitaki panenka. Nataka ile ya chini, pembeni, ngumu, isiyo na jina. Makofi yatakuja yenyewe.