Mwezi wa Nne Usikudanganye

Mama mpenzi unayesoma kijitabu hiki, na wewe baba wa nyumba yake, sikilizeni neno moja kuhusu mwezi wa nne na wa tano wa mimba.

Katika miezi 3 ya kwanza mama huiona mimba kama ugonjwa. Hutapika, huchukia harufu ya ndakala, husinzia mchana. Tangu juma la 13 au la 14, kwa wengi, kichefuchefu hupungua na nguvu hurudi. Ndipo mama husema: “Nimepona. Nitakwenda kupimwa tumbo likiwa kubwa.” Wengine hungoja mpaka mwezi wa saba. Mimi nasema neno hilo ni la hatari. Wakati unapojisikia vizuri, ndio wakati wa kuja.

Kwanza ujue mambo ya kawaida, usiogope bure. Tumbo la uzazi sasa linapanda kutoka ndani ya nyonga. Juma la 16 mkunga huligusa kati ya mfupa wa kinena na kitovu. Juma la 20 limefika kitovuni. Mtoto wa juma la 16 aweza kukaa katika kiganja chako. Moyo wake unapiga, mikono na miguu yake inasogea, ingawa wewe husikii bado. Mwenye mimba ya kwanza humsikia mtoto akicheza karibu na juma la 18 mpaka la 20; aliyekwisha kuzaa huweza kumsikia mapema kidogo.

Ukisimama kwa haraka waweza kusikia maumivu mafupi pembeni mwa tumbo, kwa sababu kano zinazolishika zinavutwa. Kizunguzungu kidogo, choo kigumu na ufizi kutoka damu huwapata wengi. Simama polepole, kunywa maji safi ya kutosha, kula matunda na majani.

Basi, kama hayo yote ni ya kawaida, kwa nini uje? Kwa sababu adui mkubwa wa miezi hii hapigi hodi. Vidudu vya malaria huweza kujificha katika kondo la nyuma wakati mama hana homa hata kidogo. Humo humnyima mtoto chakula, naye huzaliwa mwepesi. Na damu ya mama hupunguka. Kwa hiyo Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, tangu mwaka 2012 lashauri kwamba katika nchi za malaria nyingi kama yetu mama apewe dawa ya SP mapema katika miezi 3 ya katikati. Hunywa vidonge 3 kwa mara moja, mbele ya mwuguzi, kisha tena baada ya mwezi mmoja au zaidi, hata zipate mara 3 au kupita.

Sasa hesabu mwenyewe. Anayeanza mwezi wa nne ana nafasi ya kutosha. Anayekuja mwezi wa nane atazipata lini hizo mara 3? Vivyo hivyo vidonge vya kuongeza damu: damu haijengwi kwa siku moja. Tena mwezi wa nne miguu yako ina nguvu ya kutembea njia ndefu; mwezi wa nane, katika matope ya mvua, si hivyo. Ukifika, mwambie mwuguzi dawa zote unazokunywa, kwa maana anayekunywa kotrimoksazoli kila siku hapewi SP. Na chandarua ulalie kila usiku.

Najua sababu nyingine ya kukawia: wengi huficha mimba, wakiogopa wivu na maneno ya watu. Elisabeti naye alijificha miezi 5, kama tusomavyo katika Luka 1. Hakuna anayekulazimisha kuitangaza sokoni. Mfiche jirani, lakini usimfiche mkunga.

Ninyi wazee mnaomkataza mama mjamzito mayai na samaki, mwacheni ale. Mtoto anajengwa kwa chakula hicho, pamoja na maharagi, sombe na lengalenga. Udongo na pemba havifai. Huzuia chakula kuongeza damu. Na wewe baba, mzigo wa kuni uubebe wewe, na feza ya kupimwa uiweke kando kabla ya feza ya nguo mpya. Mke wako kuwa na nguvu leo si ushuhuda kwamba hahitaji kitu.

Lakini ukiona mambo haya, usingoje siku ya kupimwa. Njoo upesi, hata usiku: damu kutoka, maji kuvuja, homa, maumivu makali ya tumbo yasiyoisha, mkojo unaochoma, kuzimia, au kichwa kuuma sana na macho kuona giza.

Mama, mkulima hangoji magugu yafunike maharagi ndipo atafute jembe. Hulima wakati shamba lingali safi machoni. Ukihesabu na kuona miezi 3 imepita, usingoje tumbo lionekane wala mtoto acheze. Njoo juma hili.